Malkia ndani ya melimeli: kisa cha picha iliyoteremshwa ukutani Paris mwaka 1783

Mwishoni mwa Agosti 1783, katika jumba la Louvre jijini Paris, picha moja ya rangi za mafuta ilitundikwa ukutani, ikakaa siku chache, kisha ikateremshwa. Haikuwa na mtu aliye uchi. Haikumkejeli mfalme wala haikugusa dini. Ilimwonyesha Malkia Marie Antoinette kuanzia usawa wa nyonga kwenda juu, amevaa gauni jeupe la melimeli na kofia ya nyasi, anafunga utepe kwenye waridi. Mchoraji alikuwa Élisabeth Vigée Le Brun, mwanamke wa miaka 28, aliyekuwa na miezi mitatu tu tangu aingizwe katika Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji. Malkia aliridhika na picha hiyo. Waliokwenda kuitazama hawakuridhika.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mavazi: malkia kavaa isivyopasa, watu wakakasirika, basi. Mavazi yamo, na nitayaeleza kwa kirefu, maana bila kuyajua huwezi kuielewa hasira yenyewe. Lakini kinachonishughulisha ni kitu kingine. Kati ya studio ya mchoraji na ukuta wa Louvre walikuwepo watu ambao kazi yao ilikuwa kuamua nini kinafaa kuonyeshwa na nini kirudi nyumbani. Hakuna aliyeizuia picha ile. Nadhani sababu iko katika namna mchoraji huyu alivyoingia Akademia, mwezi Mei wa mwaka uleule.

Mchoraji

Élisabeth alizaliwa Paris tarehe 16 Aprili 1755. Baba yake, Louis Vigée, alichora sura za watu kwa pasteli. Mama yake alikuwa msusi. Baba alifariki binti akiwa na miaka 12, mama akaolewa na sonara ambaye, kwa maelezo ya binti mwenyewe, alizoea kuzitia mfukoni fedha zote alizopata mtoto kwa kuchora. Ndiyo, tayari alikuwa anaingiza fedha. Hata miaka 20 hajafikisha, wateja walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1774 maofisa walikuja kuifunga studio yake kwa lakiri, kosa likiwa kufanya kazi bila kuwa mwanachama wa chama chochote cha ufundi. Akajiunga na Académie de Saint-Luc, chama cha mafundi rangi wa mjini ambacho kilipokea wanawake bila mizengwe mingi, akaendelea na kazi.

Mwaka 1776 aliolewa na Jean-Baptiste-Pierre Le Brun, mfanyabiashara wa picha. Baba wa kambo alikuwa amekula fedha zake, na mume naye akazila. Hata hivyo nyumba ya Le Brun ilimpa kitu ambacho mwanamke asingekipata darasani: picha za mabingwa wa zamani ziliingia na kutoka mle kila wiki, naye akazinakili na kuzichunguza kwa karibu. Wanawake hawakuruhusiwa kukaa kwenye darasa la Akademia la kuchora wanaume walio uchi, na katazo hilo peke yake lilitosha kuwaweka mbali na picha kubwa za historia, ambazo ndizo zilizokuwa na heshima na malipo ya serikali. Kilichobaki kilikuwa sura za watu. Huko alijitengenezea jina.

Aliitwa Versailles kumchora malkia kwa mara ya kwanza mwaka 1778. Picha ile ilikwenda Vienna kwa Maria Theresa, mama yake Marie Antoinette, na ina kila kinachotakiwa kwenye picha ya malkia: gauni la satini nyeupe lililotanuliwa nyongani hadi asingeweza kupita mlangoni akiwa ameelekea mbele, taji juu ya mto, sanamu ya mfalme ikitazama kutoka juu. Hata kama sura ingefutwa, bado ungejua aliyechorwa ni nani.

Wawili hawa walizaliwa mwaka mmoja, na wakazoeana. Kumbukumbu ambazo mchoraji alizichapisha uzeeni zimejaa hadithi tamu: wakiimba pamoja nyimbo za Grétry, mtunzi wa muziki wa zama zile, siku moja yeye akiwa mjamzito anaangusha vifaa vyake, na malkia anainama kuviokota mwenyewe, akimwambia asijisumbue. Msomaji ana haki ya kupunguza chumvi. Lakini jambo moja aliloliandika ni la fundi, si la mpambe: kwamba ngozi ya malkia ilikuwa angavu kiasi kwamba haikushika kivuli, na yeye hakuwa na rangi za kuufikia ubichi ule. Maneno hayo hayatoki kwa mtu ambaye hajakaa saa nyingi mbele ya uso mmoja akihangaika na brashi.

Mlango aliopitia

Akademia ya Kifalme ilikuwa na sheria kali juu ya biashara. Mwanachama hakuruhusiwa kuuza picha dukani wala kuhusika na uchuuzi wa aina yoyote. Msanii wa mfalme alipaswa kutofautishwa na fundi wa sokoni. Le Brun alikuwa mchuuzi wa picha anayejulikana Paris nzima, na kwa sheria za Ufaransa mke alifuata hadhi ya mumewe. Kwa hesabu hiyo Élisabeth alikuwa nje, hata angechora kuliko wanaume wote waliokuwa ndani.

Comte d'Angiviller, mkurugenzi mkuu wa majengo ya mfalme na ndiye aliyesimamia Akademia, aliishikilia sheria hiyo. Malkia akaingilia kati. D'Angiviller hakuwa mtu wa kugombana na malkia, wala hakuwa tayari kuona sheria yake inachanwa. Akatafuta njia ya tatu: akamwandikia mfalme, akaeleza kuwa sheria inamzuia mama huyu, akaomba mfalme mwenyewe atoe msamaha kwa ajili ya ulinzi wa malkia, na papo hapo akaomba ukomo wa wanawake wanne katika Akademia uthibitishwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa barua moja alimridhisha malkia, akailinda sheria, na akawafungia mlango wanawake waliokuwa nyuma ya Vigée Le Brun.

Tarehe 31 Mei 1783 aliingia. Siku hiyohiyo aliingia mwanamke mwingine, Adélaïde Labille-Guiard, naye mchoraji hodari wa sura za watu. Huyu alipigiwa kura kwa utaratibu wa kawaida. Kwa Vigée Le Brun, kumbukumbu za kikao ziliandika kwamba Akademia inatekeleza kwa heshima kubwa amri ya mfalme. Ukizoea lugha ya vikao unajua sentensi ya namna hiyo ina maana gani. Wajumbe walikuwa wanasema: aliyemleta siyo sisi.

Gauni

Nguo aliyovaa malkia katika picha ya 1783 ilikuwa rahisi kuliko nguo zote ambazo malkia wa Ufaransa aliwahi kuchorwa nazo. Ni kitambaa chepesi kilichoshonwa kama mfuko mrefu, kinakusanywa shingoni kwa uzi, kinabanwa kiunoni kwa mshipi, mikono inafungwa kwa utepe. Hakuna fremu ya kutanua nyonga. Gauni la kasri lilihitaji watu kadhaa kukuvalisha. Hili ungeweza kulivaa mwenyewe na kutoka bustanini. Marie Antoinette alilivaa Petit Trianon, nyumba ndogo aliyopewa na mfalme mwaka 1774 pembezoni mwa Versailles, ambako hakuna aliyeingia bila mwaliko wake, na ambako amri zilitolewa kwa jina lake badala ya jina la mfalme. Rafiki zake walivaa vivyo hivyo. Mwaka 1782 Vigée Le Brun alimchora Duchesse de Polignac, kipenzi cha malkia, akiwa na kofia ya nyasi na nguo ya mtindo huo, na picha ile haikumletea mtu balaa.

Mtindo wenyewe ulitoka mbali. Wanawake wa Kifaransa wa visiwa vya Karibi walivaa pamba nyeupe nyepesi kwa sababu ya joto, na kutoka kule ukavuka bahari hadi Paris. Pamba iliyo laini kuliko zote ilitoka Bengali. Msomaji wa pwani yetu asidhani mambo haya yalikuwa ya Wazungu peke yao: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya kisiwa cha Mauritius, na katika miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilikuwa zinawabeba watu wa Afrika Mashariki hadi Saint-Domingue, Haiti ya leo. Wepesi wa maisha ya mabibi wa kule, pamoja na mavazi yao, ulisimama juu ya migongo hiyo. Hakuna mkosoaji wa 1783 aliyelitaja hilo. Walikuwa na malalamiko mengine.

Picha yenyewe, ukiitazama kwa karibu, ni kazi ya mtu aliyekuwa anafurahia ugumu. Kuchora kitu cheupe juu ya kitu cheupe ni mtihani: ukiweka kivuli kingi kitambaa kinakuwa kizito, ukiweka kidogo kinapotea. Vigée Le Brun ameacha kola ya marinda ipitishe mwanga hadi unaona ngozi kwa chini, halafu mikono akaikunja kwa mistari mifupi ya kukatisha ili melimeli ipate mwili. Mshipi wa kiunoni ni wa kitambaa chepesi cha rangi ya dhahabu, na ndio unaoibeba picha nzima, kwa kuwa kila kitu kingine ni cheupe, waridi au kijivu. Kofia ina ukingo mpana, imepambwa kwa utepe na manyoya. Nyuma ni giza tupu la kahawia. Hakuna kidani, hakuna hereni, hakuna taji, hakuna kiti cha enzi. Ukimwonyesha mtu asiyemjua Marie Antoinette atasema ni mwanamke mwenye uwezo, anayependa maua.

Na hapo ndipo penye kidonda. Mfalme wa Ufaransa alikuwa na mamlaka. Malkia hakuwa nayo, kwa sababu sheria haikumruhusu mwanamke kurithi wala kupitisha kiti. Kilichomfanya awe malkia mbele ya macho ya watu kilikuwa ndoa, watoto, na mapambo. Mavazi ya kasri kwake yalikuwa hati ya utambulisho. Vigée Le Brun, kwa ridhaa ya mwenyewe, alikuwa amemchora bila hati.

Ukumbini

Maonyesho ya Akademia yalifanyika kila baada ya miaka miwili, katika ukumbi wa mraba wa Louvre, yakifunguliwa siku ya Mtakatifu Louis, tarehe 25 Agosti. Kuingia kulikuwa bure. Hili lazima lisisitizwe, maana katika Ufaransa ile sehemu ambapo mpishi wa mtu mkubwa na bwana wake walikanyagana miguu mbele ya kitu kimoja zilikuwa chache mno. Picha zilibanana kuanzia karibu na sakafu hadi dari. Nje ya ukumbi palikuwa na soko la vijitabu vya kukosoa, vingine vya busara, vingine vya matusi ya waziwazi, vikiuzwa bila jina la mwandishi.

Mwaka ule vijitabu vilikuwa na kazi nzuri: wanawake wawili wapya kwa mpigo. Kimoja kilimtukana Labille-Guiard kwa mambo ya kitandani, kikidai picha zake zinamaliziwa na mwanamume ambaye ni mpenzi wake, hadi akamlilia mke wa d'Angiviller amsaidie, na polisi wakakikamata. Vigée Le Brun naye alisingiziwa kwamba mwanamume mwingine ndiye anayemchorea. Wimbo ni uleule kila zama: mwanamke akifanya kazi vizuri, lazima yupo mwanamume nyuma ya pazia.

Katika hali hiyo ndipo malkia alipotundikwa akiwa na melimeli. Wenye midomo wakasema malkia wa Ufaransa kachorwa na shimizi. Wengine, kwa lugha ya heshima zaidi, walisema si adabu kumwanika mtu mkubwa mbele ya umma akiwa na nguo ambazo angezivaa faraghani. Wapo waliofikiria mfuko: viwanda vya hariri vya Lyon vilitegemea kasri, na mwenye jukumu la kuvaa hariri mbele ya nchi nzima alikuwa amevaa pamba na kitani, vitambaa ambavyo vilileta faida kwa Waingereza au, kibaya zaidi, kwa wafumaji wa maeneo ya kaka yake, Kaizari Joseph II, mtawala wa Austria. Marie Antoinette hakuwahi kusamehewa Uaustria wake. Kila alichofanya kilisomwa kwa miwani hiyo.

Kuna jambo moja ambalo naliona ni zito kuliko lile la shimizi, ingawa halisemwi sana. Katika ukumbi uleule Vigée Le Brun alionyesha picha aliyojichora mwenyewe: amesimama chini ya anga, ubao wa rangi mkononi, kichwani kofia ya nyasi yenye maua na unyoya. Alikuwa amejichora hivyo baada ya safari ya 1781 katika nchi za Flanders, ambako aliona picha ya Rubens, bingwa wa zamani wa nchi hizo, ya mwanamke mwenye kofia na ikamkaa rohoni. Kwa hiyo mgeni wa Louvre alikuwa na wanawake wawili wa rika moja, kofia za jamii moja, shingo wazi, wote wazuri, wote wanamtazama machoni. Mmoja anafanya kazi kwa malipo. Mwingine ni malkia. Kwa tofauti gani? Picha hazikujibu.

Sidhani mchoraji alilikusudia hilo kama hoja ya siasa. Alikuwa na ladha yake, akaipaka kila mtu. Hakupenda poda ya nywele, aliwabembeleza wateja wake wakubwa waje bila poda, akawavisha shali na kuwapanga yeye mwenyewe. Duchess akipita mikononi mwake alitoka amefanana kidogo na mke wa mchoraji. Kwa duchess ilikuwa starehe.

Nani angesema hapana?

Turudi kwenye swali la mwanzo. Tuwapange waliohusika.

Malkia alitaka urahisi, na nyumbani kwake Trianon ulikuwa haki yake. Alizoea kuzungukwa na watu wachache waliomwambia kwamba kila anachovaa ni kizuri. Kumtegemea yeye atambue kwamba Louvre si Trianon ni kutegemea jambo ambalo maisha yake hayakumfundisha.

Mchoraji alijua Paris kuliko malkia. Alikulia mjini, mama yake alisuka nywele za wateja, alishaonja lakiri ya maofisa mlangoni kwake. Kama kuna mtu aliyeweza kukisia vijitabu vingesema nini, ni yeye. Lakini ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika maonyesho ya Akademia, alikuwa na maadui wanaosema hakustahili kuwemo, na picha ya malkia ndiyo ilikuwa ngao yake. Kuiacha nyumbani kungekuwa kama kwenda vitani bila ngao kwa sababu imechongwa vizuri mno.

Kamati ya Akademia ilipitia kazi kabla hazijatundikwa. Kwa mwanachama yeyote mwingine mjumbe mmoja angeweza kunong'ona: hii ibadilishe, weka ile nyingine. Kwa Vigée Le Brun mnong'ono huo ungemfikia malkia kabla ya jioni. Miezi mitatu nyuma walikuwa wamejaribu kumzuia wakaletewa amri ya mfalme. Watu waliokwisha kupigwa kofi mara moja hawanyooshi shavu la pili kwa ajili ya kumwokoa mtu aliyewapiga. Na sidhani wote walikuwa na uchungu wa kumwokoa. Wengine bila shaka walikaa pembeni wakingoja waone.

D'Angiviller ndiye hasa aliyepaswa kusema. Alikuwa na cheo, alikuwa na akili, alijua umma. Naye alikuwa ametumia akiba yake yote ya upinzani mwezi Mei. Kumrudia malkia mwezi Agosti na kumwambia kipenzi chake amekosea, tena juu ya picha ya malkia mwenyewe, kungeonekana kisasi.

Ndiyo maana nasema upendeleo uliomwingiza mchoraji ndio uliomwondolea ulinzi. Angeingia kwa kura kama Labille-Guiard, angekuwa na wenzake wa kumshika mkono, hata kwa nia mbaya. Aliingia kwa amri, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumrekebisha, yeye wala mlinzi wake. Hii ni tafsiri yangu. Hakuna barua inayosema hivyo kwa maneno hayo. Lakini kilichofuata kinaipa nguvu.

Waridi lilelile

Picha ikateremshwa, na Vigée Le Brun akafanya kazi haraka. Kilichopatikana ni picha inayojulikana sana kuliko ya kwanza, iko Versailles hadi leo: malkia na waridi. Ziweke mbili hizi pamoja uone. Mkao ni uleule. Uso umegeuka kwa pembe ileile, utulivu wa macho haujabadilika. Mikono bado inafunga utepe kwenye waridi. Kilichobadilika ni kitambaa: melimeli imeondoka, imekuja hariri ya buluu inayoelekea kijivu, lesi kwenye mikono na kifuani, lulu mistari miwili shingoni na nyingine mikononi, manyoya marefu kichwani mahali pa kofia ya nyasi. Nyuma pana bustani badala ya giza.

Hakuna mtu aliyelalamika tena. Kama kosa lingekuwa mkao, au mtazamo, au mchoraji kuwa mwanamke, picha ya pili nayo ingerudishwa. Lyon ilipata hariri yake na umma ukapata lulu zake. Kwangu mimi picha ya pili ni nzuri kwa ufundi na imekufa kidogo. Hariri ile inang'aa kama inavyotakiwa, lakini mtu aliye ndani yake amevalishwa, na unaliona hilo kwenye mabega.

Mtindo wenyewe haukufa. Wanawake wa Paris waliomcheka malkia wakaenda kwa washonaji kuagiza gauni lilelile, likaitwa kwa jina la malkia, likavuka hadi London, ambako Duchess wa Devonshire alilivaa mwaka 1784 akiwa amezawadiwa na Marie Antoinette mwenyewe.

Usiku wa Agosti 1784

Mchoraji alitoka salama. Malkia alitoka na jeraha ambalo mwaka mmoja baadaye lilipata mtu wa kulitumia.

Mwanamke tapeli, Jeanne de La Motte, alikuwa anamshawishi Kadinali de Rohan kwamba malkia anataka kupatana naye kwa siri. Ili kumthibitishia alimtafuta msichana wa mjini, Nicole Le Guay, aliyefanana na malkia kwa umbo, akamsimamisha gizani kwenye bustani ya Versailles usiku wa Agosti 1784. Alimvika nini? Gauni jeupe la mtindo uleule. Msichana mwenyewe alilitaja mahakamani. Mkononi Jeanne akampa waridi, naye msichana akampa kadinali. Wanahistoria wengi wameona katika tukio lile kivuli cha picha ya Louvre, na ni vigumu kutoona: tapeli alihitaji malkia anayetambulika kwa nguo bila kuonekana uso, naye Paris nzima ilikuwa imeshaonyeshwa nguo hiyo na ua hilo.

Mwisho wa utapeli ule ulikuwa kidani cha almasi kilichoibwa kwa kutumia jina la malkia, cha livre (fedha za Ufaransa ya wakati ule) zipatazo 1,600,000, kesi iliyotikisa nchi, na hukumu ya 31 Mei 1786 iliyomwachia kadinali huru. Mahakama, kwa kumwachia, ilikuwa imekubali kwamba mtu mwenye akili zake angeweza kuamini malkia wa Ufaransa hukutana na wanaume gizani. Ni miaka mitatu kamili, siku kwa siku, tangu Vigée Le Brun aingie Akademia.

Safari hii d'Angiviller alikuwa ameshashika usukani. Mwaka 1785 ofisi yake, siyo malkia, ndiyo iliyoagiza picha mpya kwa Vigée Le Brun: malkia na watoto wake, picha kubwa, kwa malipo ya livre 18,000. Velveti nyekundu, manyoya ya thamani, mrithi wa kiti akionyesha kitanda kitupu cha mdogo wake Sophie, aliyefariki Juni 1787. Kila kilichokosekana mwaka 1783 kilikuwemo. Ilichelewa. Maonyesho ya 1787 yalipofunguliwa, mchoraji aliogopa kuipeleka. Fremu ikabaki tupu ukutani, na mtu mmoja akaionyesha kidole akisema nakisi ya hazina ndiyo ile. Picha ilipofika hatimaye wakosoaji waliisifu, na haikumsaidia malkia chochote. Alfajiri ya 6 Oktoba 1789 umati uliingia kasri la Versailles. Vigée Le Brun alikuwa ameshapanda gari la abiria usiku ule na binti yake Julie, kuelekea Italia, na asingerudi Ufaransa kwa miaka 12 na ushei.

Kumbukumbu zake zilianza kuchapishwa mwaka 1835, akiwa na miaka 80. Picha ya melimeli ameipa mistari michache. Anasema mikono ya gauni ilikuwa imekunjwa vizuri na kubana, wenye chuki ndio waliosema malkia kachorwa na shimizi, na picha hata hivyo ilipata mafanikio makubwa. Kisha anataja mwaka: 1786, wakati ambao, anasema, masingizio dhidi ya malkia yalikuwa yameshaanza.

Miaka mitatu mbele ya ukweli. Inawezekana ni uzee; mtu wa miaka 80 husahau tarehe. Lakini angalia tarehe hiyo inafanya nini. Ikiwa picha ilitundikwa 1786, basi kidani kilikuwa kimeshaibwa, kesi imeshasikilizwa, sumu iko mitaani tayari, na picha ya mchoraji mwaminifu ni mhanga mwingine wa midomo ya watu. Ikiwa ilitundikwa 1783, ilikuja kabla ya bustani ya usiku, na waridi la Nicole Le Guay lina mahali lilipotoka.